Gari Kilimani, Fundi Benchini

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Limekaa kwenye kona, mbele ya duka la madaftari ambalo Jumapili halifunguliwi, na kila mtu ana sehemu yake. Mimi nakaa upande wa tofali, sanduku langu la gundi na sindano likiwa miguuni, maana nashona viatu, wananiita Kisigino. Katikati anakaa Daktari, ambaye si daktari ila mlinzi wa geti la zahanati. Miaka kumi na minne ya kusikiliza wagonjwa wakilalamika kwenye foleni imemwondolea woga wa ugonjwa wowote, alimradi si wake. Kushoto kwake ni Wakili, anayechapa barua za watu nje ya mahakama, na sijawahi kusikia barua yake iliyoshinda kesi. Mwisho kabisa ni Spana, fundi wa magari, fundi wa kweli, mwenye karakana ya mabati ng'ambo ya barabara. Shangazi ndiye anayetumiminia kahawa na hasemi sana. Jumapili hiyo, saa tisa na nusu mchana, tulikuwa tunabishana kama kuku huota ndoto, lori la mchanga likasimama, akateremka Baba Pacha: mguu wa kulia kiatu cha ngozi, mguu wa kushoto ndala ya kike ya rangi ya waridi.

Baba Pacha ni karani wa idara ya maji. Gari lake ana miezi mitatu nalo. Kabla ya hapo alikuwa anapita hapa kwa miguu na kutusalimia mmoja mmoja. Baada ya gari akawa anatupigia honi ya jumla.

– Spana! Inuka twende. Gari limezimika.

– Liko wapi? – Spana akauliza.

– Kwenye kile kilima kirefu, ukishavuka daraja. Tulikuwa tunatoka ufukweni. Wamebaki mle ndani mama watoto, mapacha, na mama mkwe.

– Mama mkwe yupi? – Daktari akadakia.

– Mimi nina mama mkwe mmoja, Daktari. Yule aliyekuja juzi. Hajawahi kuiona bahari tangu azaliwe, nikasema nimpeleke akaikanyage. Sasa yuko kilimani, jua linampiga. Mama mkwe, jamani! Spana, twende.

– Haraka haraka haina baraka, – akasema Wakili. – Shangazi, mpe kahawa.

– Sitaki kahawa.

Shangazi alikuwa ameshamimina. Na kwa haki ya Spana niseme ukweli: aliinuka. Nilimwona kwa macho yangu akiinuka, akajikung'uta suruali, akapiga hatua mbili kuelekea barabarani. Halafu akasimama.

– Lilizimikaje?

– Limezimika tu.

– Hakuna kuzimika tu. Lilikohoa? Lilitetemeka? Lilitoa harufu?

– Lilipunguza nguvu, likatoa moshi mweupe mbele, likanyamaza.

– Moshi au mvuke?

– Spana, kitu cheupe kinatoka kwenye gari langu, nikakipime?

– Lazima nijue. Naenda kwa pikipiki, sina lori la kupakia karakana nzima. Nikibeba spana ya kumi na mbili, kumbe inatakiwa ya kumi na nne, nitarudi? Niende, nirudi, niende tena, mama mkwe wako yuko juani? Ugonjwa kwanza, dawa baadaye.

– Hata zahanati ndiyo hivyo hivyo, – Daktari akasema. – Huwezi kudunga sindano mtu aliyelala, hujui analala kwa nini.

Maneno yalikuwa na akili, hilo ndilo tatizo lenyewe. Spana akarudi akakaa afikiri, kwa sababu hana uwezo wa kufikiri akiwa amesimama. Baba Pacha naye akabaki wima mbele yetu, kikombe mkononi.

– Basi niulizeni upesi.

– Kwanza, – nikasema mimi, – hiyo ndala.

– Kisigino, hiyo ndala inahusiana nini na injini?

– Sijasema inahusiana. Mimi ni mtu wa viatu, inaniumiza.

– Wimbi limechukua kiatu. Nilivua, nikakiweka pembeni ili nimpige picha mama mkwe akikanyaga maji. Wimbi likaja. Nikakikimbilia kiatu, simu ikanitoka mkononi. Bahari ikachukua vyote. Hii ndala ni ya mama watoto.

– Ndiyo maana hukupiga simu.

– Simu ya mke wangu nayo mapacha wameitazamia katuni mpaka ikazimika. Niliwaambia nakuja mara moja, nakuja na fundi. Nimesimamisha lori kwa mikono miwili. Nusu saa nzima nimekaa juu ya mchanga. Spana!

– Nafikiri.

– Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, – akasema Wakili kwa huruma. – Wewe umevulia viatu. Ndiyo maana yamekuchukulia.

Hapo Daktari akanyoosha mkono, akautuliza umma, ingawa umma ulikuwa sisi watano.

– Nitasema kitu na mtakuja kunikumbuka. Hilo gari lina presha.

– Presha ya upepo? – Spana akauliza.

– Presha! Presha ya mwili. Niulizeni mimi. Kila Jumatatu naona watu wanaletwa zahanati, mtu alikuwa mzima, anacheka, ghafla anaishiwa nguvu, anatoka jasho, ananyamaza. Ukimuuliza jana alikula nini, chumvi. Sasa wewe umelipeleka gari baharini. Limeshinda pale kutwa, milango wazi, linavuta hewa ya nini?

– Ya bahari, – nikasema.

– Ya chumvi! Limevuta chumvi tangu asubuhi, halafu unalipandisha kilima. Hata mimi ningezimika.

– Samaki je? – akauliza Wakili. – Samaki wako kwenye chumvi maisha yao yote.

– Umewahi kumwona samaki akipanda kilima?

Spana akatikisa kichwa taratibu, na sote tukamgeukia, tukitegemea kwamba mtu wa taaluma atatuokoa.

– Presha ipo kwenye gari, – akasema. – Simpingi Daktari. Lakini haya magari ya siku hizi yana ubongo. Kuna kisanduku kidogo kimefichwa, ndicho kinachoamua. Wewe unakanyaga mafuta, kisanduku kinajiuliza: huyu mtu anastahili? Kikiona hustahili, kinakata.

– Mimi sistahili?

– Sijasema mimi. Kisanduku.

– Gari ni la kwangu!

– Kwa kadi? – Wakili akaamka kabisa. – Ngoja, hapo mmeingia kwangu. Kadi ya gari imeandikwa jina la nani?

Baba Pacha akanywa kahawa aliyokuwa ameikataa.

– Bado jina la yule aliyeniuzia. Nilikuwa nabadilisha mwezi huu.

– Si nimesema! – Wakili akapiga goti lake kofi. – Kisheria, lile gari bado ni la yule bwana. Wewe umelichukua Jumapili, siku isiyo ya kazi, ukalivusha daraja, ukatoka nalo nje ya mji bila ridhaa ya mwenye jina. Hicho kisanduku cha Spana kimesoma hivyo. Kimefanya kazi yake. Mimi nikikuandikia barua moja tu...

– Barua kwa nani?

– Kwa gari.

Nilicheka mpaka sindano ikaniingia kidoleni. Baba Pacha hakucheka. Akaweka kikombe juu ya sanduku langu, akamshika Spana bega.

– Ndugu yangu. Niliahidi mara moja. Mama mkwe ameketi kiti cha mbele, ameshika mkoba, haongei. Unajua mama mkwe asiyeongea? Akigomba unajua pa kujitetea. Huyu anatazama barabara tu. Twende, tutajulia huko.

Spana akainuka mara ya pili. Hii ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, maana alifika mpaka katikati ya barabara. Akarudi.

– Nimesahau kukuuliza kitu kidogo. Taa. Hakukuwa na taa yoyote nyekundu iliyowaka pale mbele ya usukani?

Baba Pacha akatazama chini, akaitazama ile ndala.

– Ile taa?

– Taa gani?

– Si ile ya Alhamisi. Nilisimama hapa hapa, nikawaambia kuna taa nyekundu ina picha kama ya kijiti kimetumbukia majini. Nikauliza ni ya nini.

Mimi nikakumbuka. Na nikamwona kila mmoja akikumbuka, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Daktari kwenda kushoto.

– Mkaniambia niizibe, – akasema Baba Pacha.

– Nani alisema? – akauliza Daktari.

– Wewe. Ulisema mgonjwa akiangalia kipimo chake kila saa, atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa.

– Nilikuwa naongelea wagonjwa.

– Wakili akasema taa ni ya kutengeneza biashara, imewekwa na kiwanda ili watu waende gereji.

– Nilisema *inadaiwa*. Ni neno la kisheria. Halina lawama.

– Kisigino akanipa kipande cha utepe mweusi.

Nikainamia kiatu. Ni kweli, nilitoa utepe. Ni utepe mzuri, naufungia soli. Lakini mtu anakuomba utepe, utamuuliza anakwenda kuzibia nini?

– Na wewe Spana, – Baba Pacha akaendelea, – nilikutazama wewe. Wewe ndiye fundi. Hukusema kitu.

– Nilikuwa nakunywa kahawa, – akasema Spana. – Ilikuwa ya moto.

Hapa ndipo nilipodhani mambo yatakwisha. Sababu imepatikana: gari lilionya, sisi tukalifunga mdomo kwa utepe. Kilichobaki ni Spana kuvuka barabara, kuchukua mfuko wake wa vifaa, kupanda pikipiki. Ingekuwa bado saa kumi kasorobo. Lakini mtu akikutwa karibu na yai lililopasuka hatafuti yai jingine, anatafuta kuku wa kumsingizia. Tangu dakika ile nadharia hazikuwa za gari tena. Zilikuwa za kututoa sisi pale.

– Tusiishikilie sana hiyo taa, – akasema Daktari. – Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayajawahi kumlowesha mtu. Taa haiwezi kuzima gari. Taa ni taa. Baba Pacha, lile gari lilikuja nchini kwa njia gani?

– Kwa njia gani tena? Kwa meli. Yote yanakuja kwa meli.

– Kwa meli. Juu ya nini?

– Bahari.

– Na tangu lishuke melini, limewahi kuiona bahari tena?

– Sidhani. Yule aliyeniuzia alisema hakuwahi kwenda nalo mbali.

Daktari akajiegemeza nyuma, ingawa benchi letu halina mgongo, nusura aanguke.

– Basi, kesi imekwisha. Gari limekaa ugenini miaka yote hii, halina habari. Leo unaliegesha ufukweni, pua imeelekea majini. Limesikia mawimbi. Limesikia ile harufu. Limekumbuka kwao! Halafu unaligeuza, unalirudisha huku kwenye mashimo yetu na vumbi. Kwenye kilima kile, ukigeuka nyuma, bahari inaonekana?

Baba Pacha akafikiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufikiri badala ya kulalamika, na mimi nilijua tumempata.

– Inaonekana, – akasema polepole. – Kipande kidogo. Mapacha walikuwa wanaipungia mkono.

– Hapo hapo ndipo lilipozimika?

– Hapo hapo.

– Mtu kwao, – akasema Daktari.

– Huo ni uongo, – nikasema mimi, kwa sababu nilikuwa na nadharia yangu na nilichoka kusubiri zamu. – Gari halina moyo. Mimi nitawaambia kitu cha hesabu. Watu watano, miguu kumi. Mtu akitoka ufukweni, kila kiatu kinabeba mchanga. Mimi nafungua viatu, naujua mchanga, unaingia kwenye mshono unakaa. Chukua kila mguu kikombe kimoja cha kahawa cha mchanga. Vikombe kumi. Ongeza nguo za kuogelea, nywele za mapacha, mkeka. Ongeza mchanga wa masikioni. Mmebeba nusu ya ufukwe. Halafu mnashangaa kilima.

– Mimi nilikuwa na kiatu kimoja, – akasema Baba Pacha.

– Basi vikombe tisa. Na uzito umeegemea upande mmoja. Ndiyo mbaya zaidi.

– Kisigino, ukitoka kwenye viatu unapotea, – akasema Wakili. – Tuangalie nani alikaa wapi. Mama mkwe alikaa mbele?

– Mbele.

– Na mkeo nyuma na watoto. Kwenda, nani alikaa mbele?

– Kwenda alikaa mke wangu. Kurudi nikasema mama akae mbele apate upepo.

– Kwa hiyo gari limekwenda salama na mke, limerudi na mkwe likazimika. Sisemi neno. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza. Hakuna mahali palipoandikwa mpe kiti cha mbele. Mkeo anaendesha?

– Anaendesha. Leseni yake ni ya zamani kuliko yangu, ila kwenye safari naendesha mimi.

– Kwa nini?

– Ni safari.

Wote tukaitikia kwa vichwa. Jibu lilieleweka.

– Labda niliendesha kwa ukali kidogo, – akasema Baba Pacha. – Nilikuwa na hasira ya kiatu. Na simu. Mama mkwe alicheka, mnajua? Simu ilipozama alicheka mpaka akashika magoti. Mke wangu anasema hajamwona mama yake akicheka hivyo tangu baba yake afariki. Nami nikanuna. Njia nzima nimenuna, nakanyaga mafuta. Akaniuliza, mwanangu, mbona hapa pana joto miguuni? Nikamwambia, mama, ni jua.

Alisema hivyo, halafu akakaa. Alikaa kati yangu na Daktari, bila kuomba, na sisi tukasogea. Alionekana mtu aliyechoka. Nadhani pia ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa watu wanne kumsikiliza kwa pamoja bila mtu kumwomba asimame aende haja ndogo. Shangazi akamjazia kikombe.

– Miguuni kuna joto, – akasema Spana. – Hiyo ni habari. Hiyo ndiyo ungeanza nayo.

– Ina maana gani?

– Ina maana joto lilikuwa miguuni.

– Ndiyo.

– Badala ya mbele. Ndiyo maana nasema msinikimbize. – Akachukua kijiti, akachora gari mavumbini. Lilikuwa na magurudumu matatu, la nne likaingia kwenye kiatu cha mteja wangu. – Hapa injini. Hapa wewe. Joto linatoka hapa, linapaswa kwenda huku. Likija kwako, injini inapata aibu.

– Aibu?

– Sisi mafundi tunaita hivyo. Injini ikipata aibu inanyamaza. Ukiisema mbele ya watu ndiyo inazidi. Ulisema kitu kibaya liliposimama?

– Nililipiga teke.

– Basi, – akasema Spana, akatupa kijiti. – Mbele ya watoto?

– Mbele ya mama mkwe.

Wakili akafunga macho kwa uchungu. Daktari akasema huko zahanati wamewahi kumpokea mtu aliyenyamaza siku tatu kwa sababu ya teke la namna hiyo. Mimi nikauliza teke lilipigwa kwa mguu upi, wa kiatu au wa ndala, kwa sababu kuna tofauti. Wakasema haina tofauti. Nikasema kwa gari lenye heshima zake, kupigwa na ndala ya waridi ni kesi kubwa zaidi. Baba Pacha akasema aliinua wa ndala, lakini aliupunguza nguvu njiani. Wakili akasema kupunguza nguvu ni kukiri kosa. Baba Pacha akachukia, akasema yeye anaijua sheria, kila siku anakata maji ya watu. Spana akasema kama ni hivyo basi ni kisirani cha maji: mtu anayekata maji ya watu, maji ya gari lake yatakaaje?

– Manahodha wengi chombo huenda mrama, – akasema Wakili, – ndiyo maana tuko wengi hapa. Tutafika tu.

Kivuli cha duka kilikuwa kimeshatoka miguuni petu, kimevuka mtaro, kinaelekea karakana ya Spana. Sikuangalia saa. Hakuna aliyeangalia. Mara moja Shangazi alipokuwa anakusanya vikombe aliuliza, sauti ya chini:

– Baba Pacha, watoto wamekula?

– Wamekula, Shangazi. – Halafu akamgeukia Daktari. – Lakini turudi hapo pa kukumbuka kwao. Kama gari limekumbuka kwao, kwa nini lisizimike pale pale ufukweni? Kwa nini lisubiri kilimani?

– Swali zuri! – Daktari akamshika mkono. – Swali zuri sana. Wewe unafikiri nini?

Nikamwona Baba Pacha akinyooka mgongo. Yule mtu aliyeteremka na lori, mwenye jasho na wasiwasi, hakuwepo tena. Pale alikuwa mwenzetu.

– Mimi nafikiri, – akaanza, – gari lilikuwa linavumilia. Unajua mtu anayekuaga, anajikaza, anacheka, mpaka akifika kona...

Honi ikalia. Si honi ya jumla. Ilikuwa honi moja fupi, ya mtu anayeomba njia.

Gari lilikuja polepole, likakanyaga mchoro wa Spana, likasimama mbele ya benchi. Kwenye usukani alikuwa Mama Pacha, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Nyuma, mapacha wamelala, kichwa cha mmoja juu ya tumbo la mwingine, midomo wazi. Kiti cha mbele yuko mama mkwe. Boneti lilikuwa limefungwa, na hakukuwa na moshi wala mvuke, ila injini ilinguruma kawaida, kama ya gari lolote linalotoka popote.

Tukainuka wote. Benchi likaanguka upande wa tofali.

– Za jioni, shemeji zangu, – akasema Mama Pacha.

– Nzuri, shemeji. Pole na safari.

– Nimeshapoa.

Hakumtazama mumewe kwa hasira. Alimtazama miguuni, kwenye ile ndala, halafu kwenye kikombe alichoshika, halafu usoni, kwa mpangilio huo.

– Tulikusubiri saa nzima, – akamwambia. – Nikasema labda umepata ajali. Nilianza kulia, watoto wakaona, nao wakaanza. Mama ndiye aliyetunyamazisha. Akasema tufungue hapo mbele.

– Mmefungua? – Spana akauliza. – Lenyewe, la moto?

– Lilikuwa limeshapoa. Mama amepika bweni la shule miaka thelathini, masufuria ya kuingia mtu. Anasema kitu kinachotoa mvuke unakiacha kinyamaze, halafu unatafuta kinatokea wapi. Tukakuta mpira wa rejeta umechomoka, kibano kimekatika. Tukaurudisha, tukaufunga kwa mkanda wa mkoba wake, tukajaza maji tuliyobeba ya kuoshea watoto miguu. Tumepumzika mara tatu njiani. Hiyo tu.

– Mpira, – akasema Daktari. – Nilikuwa nakaribia.

– Mama watoto, – akasema Baba Pacha. Sauti ilikuwa ya mtu mdogo kuliko yeye. – Nilikuwa nakuja. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa ili tujue vifaa.

– Mmeupata?

Akafungua mdomo. Naamini alitaka kusema kuhusu gari linalovumilia. Akaufunga.

– Niliogopa, – akasema mkewe, kwa sauti ya chini, asisikie mtu, lakini sisi tulikuwa karibu. – Sikuogopa gari. Niliogopa wewe umekufa.

Baba Pacha akataka kuweka kikombe chini. Hakupata pa kukiweka, kahawa ikamwagikia ule mguu wa kiatu cha ngozi. Akaenda upande wa dirisha, akasimama pale, akaweka kiganja juu ya mlango. Mke hakukiondoa kiganja, wala hakukishika.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mama mkwe akateremka taratibu, mkoba usio na mkanda ameukumbatia kifuani, sketi imekauka chumvi kwenye pindo. Alikuwa mama mfupi, ana uso wa mtu aliyefurahi siku hiyo na bado hajaamua kuacha.

– Shikamoo mama, – tukasema kwa pamoja, wazee wazima.

– Marahaba, wanangu. Hamjambo?

– Hatujambo.

– Bahari ni kubwa, – akatuambia, kana kwamba labda hatukuwa tumepata habari. Halafu akatutazama mmoja mmoja: Daktari na koti lake la ulinzi, Wakili na kalamu mfukoni, mimi na sindano yangu, Spana na mikono yake safi. – Mkwe wangu alisema anakuja kumchukua fundi. Nami nataka mkanda wangu, huu mkoba nimezoea kuuning'iniza. Anitolee, aweke kibano cha haki. Fundi ni yupi hapa?

Wakili alichomoa kalamu, akaikagua wino. Daktari akainama kulirudisha tofali chini ya benchi, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu nimfahamu. Mimi nilisema tu mimi nashona viatu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

– Fundi? – akarudia mama, kwa upole, akidhani hatukusikia.

Spana akageuza shingo, akaitazama ile karakana ya mabati ng'ambo ya barabara, kama mtu ambaye naye anamsubiri fundi atokee.